Muulize Mjomba: Damu ya sungura, mistari mitatu na pweza wa Sahare

Toleo lililopita nilijibu swali la kipimo cha mimba nikataja antibodi kwa kupita tu, sentensi moja, kumbe nimefungua koki na mpini umenibakia mkononi. Barua zimejaa. Wengine mnaandika kutoka Tanga mjini, wengine Muheza, Pangani, mmoja yuko Lushoto anauliza kama baridi ya kule inaweza kutosha badala ya friji (haitoshi kaka, usijaribu). Nimechagua sita, nyingine zisubiri zamu. Kwa mgeni wa ukumbi huu: mi ni fundi wa maabara mstaafu, daktari siyo, profesa ndo kabisa, nimeshika pipeti miaka mpaka kidole gumba kikapinda, basi.

Mjomba, habari za siku. Mimi ni mama mtu mzima niko Ngamiani barabara ya 14. Binti yangu anasoma shahada ya pili mambo ya seli, juzi nikamuuliza hiyo kazi yako ya maabara hasa ni nini, akanijibu "mama natafuta protini kwa damu ya sungura". Nikashika kichwa. Nimemsomesha kwa vitumbua Mjomba, leo damu ya sungura? Nieleze kwa Kiswahili cha nyumbani, ni kitu gani hicho na huyo sungura anafanywa nini. Mama Vitumbua, Ngamiani.

Shikamoo bi mkubwa, na hongera, shahada ya pili kwa vitumbua siyo mchezo. Binti hajaharibikiwa, shusha mikono.

Tuanze na seli. Seli haikai peke yake kama kisiwa, lazima ipate habari: sukari imefika, adui kaingia, gawanyika, tulia, na saa nyingine kufa (ndio, na hiyo amri ipo). Sasa habari nyingi hazipiti mlangoni, zinaishia nje. Ni kama hapo kwako. Mgeni anapiga hodi, mtoto wa barazani anasikia, anamwambia mwenzie aliye ukumbini, wa ukumbini anakimbia uani, aliye jikoni anaongeza kikombe cha mchele kwenye sufuria. Mgeni hata jiko hajaliona lakini wali umeshaongezeka. Hao watoto wa kupokezana habari ndo protini anazozitafuta binti yako, na mmoja maarufu sana anaitwa ERK, huyo yuko katikati ya safari, ni wa ukumbini.

Wanapashanaje? Wanabandikana fosfeti. Kitu kidogo tu, ukibandikwa unaamka, ukibanduliwa unalala. Chukulia ni kile kikaratasi cha kutumwa dukani, mtoto aliyekishika ana safari, asiyenacho anacheza. Edmond Fischer na Edwin Krebs ndo waliougundua mchezo huu miaka ya 50 kule Seattle, Marekani, na Nobel wakaja kupewa 1992, yaani walishazeeka.

Shida ni kwamba ndani ya seli kuna protini za maelfu ya aina na kwa macho hutazitofautisha. Unahitaji mtu wa kumtambua mmoja kati ya umati. Huyo mtambuzi ni antibodi, kingamwili kwa Kiswahili cha vitabuni, ambayo mwili unaitengeneza wenyewe ukikutana na kitu kigeni. Hapo sasa anaingia sungura. Wanachukua kipande kifupi cha ile protini, asidi amino (ndo tofali za kujengea protini) kumi na kitu tu zimefuatana, na kwa sababu kipande kidogo hivo mwili wa sungura ungekipuuza, wanakifunga kwenye protini kubwa ya mnyama wa mbali ili kinga ishtuke. Sungura anachomwa sindano, anapumzika wiki kadhaa, anachomwa tena, na tena, halafu anatolewa damu kidogo kidogo kwenye mshipa wa sikio. Damu ikiganda yale majimaji ya juu yamejaa antibodi.

Siyo wazo la jana. Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha Berlin mwaka 1890 kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda yanamkinga mnyama mwingine, na mpaka leo mtu akiumwa na nyoka, dawa anayochomwa mara nyingi imetoka kwenye damu ya farasi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo damu ya mnyama hospitali umeshaishi nayo bi mkubwa, ni vile haikutajwa.

Kuhusu sungura mwenyewe sitakudanganya. Wakati wa kazi kuna taratibu za kumlinda, kiasi cha damu kinapimwa kwa uzito wake na anapewa muda wa kurudisha, lakini mwisho wa kazi mara nyingi analazwa usingizi na kutolewa damu yote, haamki. Ni moja ya sababu watu wanatafuta njia nyingine, nitaigusa kule chini.

Shikamoo Mjomba. Niko Makorora, nafanya utafiti wa seli nyeupe za damu, naitafuta ERK. Niliagiza antibodi mbili za polikloni za sungura, moja ya ERK yote na nyingine ya ERK yenye fosfeti, nimesubiri miezi. Ya kwanza imenipa mistari mitatu, miwili imekaribiana pale kilodaltoni 44 na 42 (ndo uzito wa protini), na mmoja mnene juu kidogo karibu na 50. Ya pili haijatoa kitu, nyeupe pe. Karatasi yake inasema 1:1000, nimefuata, nimezuia kwa maziwa ya unga asilimia 5, nimelaza usiku kucha kwenye friji. Msimamizi anasema antibodi mbovu, zirudishwe. Nizirudishe? Mistari Mitatu, Makorora.

Marahaba mwanangu. (Nina hisia namjua mama yako, lakini tuyaache.) Usirudishe kitu. Kabla ya kuilaumu antibodi tuone imesema nini, maana naona imesema ukweli mwingi kuliko mlivyomsikiliza.

Nieleze kwanza kwa wenzio wanaosoma. Kazi hii inaitwa Westani bloti. Unazipasua seli, protini zote unazifungia kwenye jeli, unapitisha umeme, ndogo zinakimbia chini kubwa zinabaki juu, baadaye unazihamishia zote kwenye membreni, karatasi maalum ya kunasia protini, kama kupiga chapa ya leso. Ndo unamwagia antibodi ya sungura ikamtafute mtu wake, unaosha, unamwagia antibodi ya pili ya mbuzi ambayo kazi yake ni kumkamata sungura, na hiyo ya mbuzi imebeba kimeng'enya kinachotoa mwanga ukikipa dawa yake. Panapowaka ndo mstari. Jina Westani ni utani: mwaka 1975 Edwin Southern alivumbua ya DNA ikaitwa kwa jina lake, na jina lake maana yake kusini, basi wa RNA wakasema yao ya kaskazini, na Neal Burnette 1981 akaipa hii ya protini magharibi. Wanasayansi nao hawana kazi.

Sasa mistari yako. Miwili ya chini ni sahihi kabisa, ERK ni ndugu wawili, ERK1 ya kilodaltoni 44 na ERK2 ya 42, wanafanana mno, na antibodi ya ERK yote inawaona wote wawili. Ungeona mmoja tu ndo ningekuuliza maswali. Msimamizi wako labda amezoea protini nyingine, mwambie kwa adabu.

Wa tatu ndo mtamu. Unatumia seli za damu ya mtu. Damu ya mtu imejaa nini? Antibodi za mtu mwenyewe. Antibodi ukiivunja kwenye jeli inagawanyika mnyororo mzito wa kilodaltoni 50 hivi na mwepesi wa 25. Na ile antibodi yako ya mbuzi imefundishwa kukamata antibodi ya sungura, lakini mtu na sungura kwenye hizo protini wanafanana vya kutosha kumchanganya mbuzi ambaye hakuchujwa vizuri. Kwa hiyo naweka dau langu kwamba huo mnene ni plazma (maji ya damu) uliyoiacha kwenye seli, na antibodi ya sungura hata hausiki.

Usiniamini mimi lakini. Kata kipande cha membreni chenye sampuli ile ile, kimwagie antibodi ya mbuzi peke yake bila ya sungura. Mstari wa 50 ukiwaka, kesi imekwisha, mshtakiwa ni mbuzi. Safari ijayo osha seli mara tatu kwa bafa (maji ya chumvi maalum ya maabara) kabla ya kuzipasua, na ukinunua ya mbuzi tafuta iliyochujwa dhidi ya protini za binadamu, wanaandika kwenye karatasi.

Usipowaka bila sungura, hapo tunarudi kwenye maana ya neno polikloni. Sungura hana antibodi moja, anazo nyingi, kila seli yake ya kinga imetoa yake. Ni kama kuita mtaa mzima waje kumtambua mtu: huyu anamjua kwa pua, yule kwa mwendo, mwingine kwa kovu la goti. Faida yake kubwa, hata mtu akibadilisha shati bado kuna atakayemtambua, na wakiwa wengi wanaomshika mwanga unaongezeka, ndo maana polikloni mara nyingi ni nyepesi kuona kitu kidogo. Hasara ni kwamba katika mtaa mzima hakosi mmoja anayesema "ni yule" akanyoosha kidole kwa mtu mwingine mwenye kovu la goti. Watengenezaji wanajitahidi, majimaji wanayapitisha kwenye safu (bomba la kuchujia) yenye protini A, inayotokana na bakteria Staphylococcus aureus na inayoshika antibodi tu, halafu wanaipitisha tena kwenye safu yenye kile kipande cha protini ili wabaki wanaokijua. Lakini wanaokijua siyo lazima wawe wanajua hicho tu.

Haya, hiyo ya fosfeti, karatasi nyeupe. Hapa mwanangu nina mashtaka matatu na yote juu yako.

La kwanza, seli zako zilikuwa na habari gani? Seli nyeupe zilizokaa kimya hazina haja ya kubandika ERK fosfeti. Huwezi kutafuta mtoto mwenye kikaratasi siku ambayo hakuna aliyetumwa. Lazima uzichokoze. Watu wa seli za ngozi na za uvimbe wanatumia EGF, protini ya kuziamsha zikue, wewe usiitumie, seli nyeupe nyingi hazina mlango wa EGF, chukua PMA, kemikali ya kuchokoza seli, inaamsha ERK kwa nguvu ndani ya dakika 10 au 15. Na muda ni muhimu, kikaratasi hakikai mkononi siku nzima.

La pili, ulipasua seli na nini? Ndani ya seli kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kubandua fosfeti, na ukishaivunja seli havina wa kuvizuia, kwenye joto letu la Tanga la Februari dakika chache tu wameshabandua kila kitu. Bafa yako iwe na sodiamu fluoridi na sodiamu othovanadeti, iwe ya baridi, na tyubu zikae kwenye barafu toka mwanzo, siyo unazikumbuka baadaye. Fluoridi ni ile ile ya dawa ya meno na ile inayochafua meno ya watu kwenye maji ya Arusha, hapa ndo inakusaidia.

La tatu, maziwa. Maziwa yanaziba nafasi tupu za membreni ili antibodi isinase ovyo, ni rahisi na nimeyatumia maisha yangu yote, ila kazeini ya maziwa yenyewe ni protini yenye fosfeti nyingi. Kwa antibodi za fosfeti wengi wetu tunaacha maziwa tunatumia albumini ya damu ya ng'ombe, asilimia 5 pia, na antibodi yenyewe uichanganye humo humo. Maziwa hayaharibu kila mara, nakuambia hivo ili usije ukabishana na mtu aliyefanikiwa nayo, lakini kwa mtu aliyeona karatasi nyeupe ndo kitu cha kwanza kubadilisha. Maikrolita 10 kwenye mililita 10 hiyo hesabu yako ya 1:1000 iko sawa.

Na ukipata mstari usishangilie bado! Ndo watu wanapoangukia hapo. Mstari umekaa 42 na 44, vizuri, lakini umejuaje ni fosfeti inayoonekana? Chukua kundi moja la seli, lipe U0126 nusu saa kabla ya PMA. Hiyo dawa inamzuia MEK, na MEK ndo anayembandika ERK zile fosfeti mbili, kwenye threonini 202 na tairosini 204 kwa hesabu ya ERK1, hana mwenzie wa maana katika kazi hiyo. Antibodi ya fosfeti inyamaze, ya ERK yote iendelee kuwaka vile vile. Ya fosfeti ikinyamaza na ya ERK yote ikawaka, hapo umepata shahidi. Ikiendelea kuwaka hata MEK amefungwa, unayo antibodi inayokudanganya, na hapo ndo uandike ile barua ya kurudisha. Kwa ERK yote kipimo kikali zaidi ni seli ambazo jeni yake imefutwa, kama mstari bado upo pale ambapo protini haipo basi umeshapata jibu, ila najua seli hizo kuzipata siyo kazi ya wiki moja.

Kitu cha mwisho kwako. Anza na ya fosfeti, uing'oe kwenye membreni kwa bafa ya kung'olea (zote mbili ni za sungura, kuosha kwa kawaida hakutoshi), halafu weka ya ERK yote kwenye membreni ile ile, uone kwa kila sampuli wangapi wana vikaratasi kati ya wangapi waliopo. Mstari wa fosfeti peke yake bila wa pembeni yake mi kwangu hausemi kitu.

Nisisahau, kwenye karatasi yako ya antibodi ya mbuzi kumeandikwa HRP. Usije ukachanganya na HRP2 ya kipimo cha malaria, ile ya kidude cha zahanati. HRP2 ni protini ya kijidudu cha malaria, HRP ya mbuzi ni peroksidesi, kimeng'enya kilichotolewa kwenye mzizi mmoja mkali wa Ulaya, ndugu wa haradali. Wazungu walipokuja wakaonja mzizi wa mlonge wetu wakasema unafanana na ule wa kwao, wakaupa mlonge jina hilo hilo, na nilishamwona kijana mmoja anachimba mlonge nyuma ya nyumba ya wageni Raskazone akidhani ataokoa gharama. Mlonge ni mti mwingine kabisa jamani.

Kaka Mjomba, umeme ulikatika Ijumaa jioni mpaka Jumamosi mchana, friza ikayeyuka yote. Ndani kulikuwa na antibodi za polikloni tyubu nne na sampuli za seli. Tutupe? Friza, Muheza.

Pole. Tyubu ziangalie, kama kimiminika kizito kinachoteleza kama asali nyepesi basi zina gliseroli asilimia 50, hizo hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hazigandi, ndo makusudi yenyewe. Antibodi ni protini ngumu. Joto la siku moja haliwezi kuimaliza, kinachoiumiza zaidi ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Kwa hiyo msitupe, zijaribuni na sampuli ya zamani mnayoijua. Wala msizikimbize kwenye friza ya nyuzi 80 kwa huruma, kule na gliseroli yake zitaganda. Na friza zile za kisasa zinazojiyeyushia barafu zenyewe kila siku ni adui, bora lile sanduku la zamani linalojaa barafu mpaka mlango haufungi.

Sampuli ndo nalia nazo. Kama zilikuwa za kutafuta fosfeti, zimekaa zimeyeyuka usiku mzima, mi nisingeziamini tena. Watu wanalilia antibodi kwa sababu ina bei, sampuli ambayo mgonjwa hatarudi kuitoa wanaisahau. Siku nyingine mkisikia umeme una wasiwasi, barafu ya samaki kwenye boksi la foma inatosha kabisa kuvusha usiku.

Na ile ya mbuzi yenye HRP haikai friza, ni ya friji, na msiitilie sodiamu azaidi. Azaidi ni dawa ya kuzuia ukungu, kwenye antibodi ya sungura mnaweza kuiweka asilimia 0.02 na mkaitumia tena na tena, lakini inakiua kile kimeng'enya. Najua vipi? Kuna maabara moja nilifanya kazi, sitaitaja, mimi mwenyewe kwa mikono yangu nilitia azaidi kwenye chupa kubwa ya bafa ya kuoshea ili isiote ukungu, nikajiona mjanja. Wiki mbili tunapata karatasi nyeupe. Tulishabadilisha antibodi, filamu, tukabadilisha mpaka maji, bosi akabadilisha na mwanafunzi, mimi nimenyamaza nasaidia kutafuta tatizo. Siku nilipokumbuka nilimwaga ile chupa saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajaja, na hii ndo mara ya kwanza nasema.

Mjomba, mimi ndo mnunuzi wa maabara yetu. Kila mtu ana neno lake, mmoja anasema polikloni mwingine monokloni. Tuchukue ipi? Chumbageni.

Inategemea, na najua hupendi jibu hilo. Monokloni imetoka kwenye ukoo mmoja wa seli, njia waliyoileta Georges Köhler na César Milstein kule Cambridge 1975 (Nobel 1984), kwa hiyo antibodi zote ni pacha, zinashika sehemu moja, na utakayonunua mwaka kesho ni ile ile. Polikloni ni mtaa, nimeshasema, na sungura akifa mtaa umehama. Sungura mpya mtaa mpya. Jina lile lile, namba ya katalogi ile ile, lakini loti (mkupuo wa kutengenezwa) imebadilika na mistari imebadilika. Kwa hiyo ukipata loti ya polikloni iliyofanya vizuri usinunue tyubu moja, nunua tatu, nne, za loti hiyo hiyo, na namba ya loti iandikwe daftarini, siyo kichwani kwa mtu anayehama.

Kazi ya miaka mitano nisingeiweka juu ya sungura mmoja. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun na wenzao zaidi ya 100 waliandika kwenye jarida la Nature wakitaka dunia ihamie kwenye antibodi ambazo mpangilio wa jeni yake unajulikana, zinatengenezwa kwenye seli bila kumrudia mnyama kila mara, na wana hoja nzito ingawa mfuko una hoja yake pia. Wewe kabla ya kulipia uliza muuzaji vitu viwili tu, picha ya bloti ya seli zisizo na hiyo protini, na kama imejaribiwa kwa mnyama yule mtakayempima. Akikosa picha ya kwanza punguza heshima.

Halafu watu wa Ngamiani mna la kujivunia. Mwaka 1993 wanasayansi wa Ubelgiji walitangaza kwamba ngamia ana antibodi ambazo hazina ule mnyororo mwepesi kabisa, zina mzito tu, ni ndogo na ngumu, na siku hizi zinatengenezewa vipimo na hata dawa. Ngamia wenyewe mtaani hamna tena, jina tu limebaki.

Mjomba naona hii biashara. Nikiagiza hizo antibodi za sungura nyingi nikauzia zahanati wapimie saratani inawezekana? Pongwe.

Hapana. Kwenye tyubu imeandikwa kwa utafiti tu, na maana yake ndo hiyo. Kipimo cha mgonjwa kinapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kina ushahidi wake na loti zake, na ERK iliyoamka haimaanishi saratani, inaamka hata kidonda kikipona. Uza kitu kingine kaka.

Mjomba nimesikia hiyo protini ya kumshtua sungura inatoka kwa konokono wa baharini. Mi mvuvi. Kwetu huku hawapo? Sahare.

Umesikia vizuri, inaitwa KLH kwa kifupi, ni protini ya damu ya konokono mkubwa wa mwamba mwenye tundu juu ya gamba, lakini makazi yake ni pwani ya Kalifonia na Meksiko, maji ya baridi, huku kwetu haji. Wapo wanaomtoa damu kidogo na kumrudisha hai. Protini yake ni kubwa mno na ni ngeni kabisa kwa sungura, ndo maana inamshtua. Ndani ina shaba badala ya chuma, kwa hiyo ikishika oksijeni inageuka bluu.

Ila jamaa yake unaye. Pweza naye anapumulia hemosayanini, kitu cha ukoo ule ule, na hakuna haja ya kumpeleka maabara, wewe mpeleke soko la samaki la Deep Sea alfajiri kama kawaida. Ukimkata angali hai uangalie yale majimaji kabla hujayamwaga, utaona yana ubluu ubluu.